Unapigana na Nani Jumamosi?

Wahenga wa India waliotunga Ayurveda hawakupitia Malinya. Wangepitia, wasingeugawa mwaka katika majira sita ya miezi miwili miwili. Kwetu Malinya, huku Ikolomani, majira ni mawili tu: mvua inanyesha, au mvua iko njiani. Kakamega hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na nyingi hutushukia alasiri, nguo zikiwa kambani na mahindi yakiwa yameanikwa uani. Asubuhi jua linachoma utosi, saa nane mawingu, saa tisa mvua ya mawe, na jioni unauliza nani kachukua sweta lako.

Shemeji yangu wa Nairobi haoni tatizo. Alinieleza kwa simu kwamba mwili huongozwa na nguvu tatu: vata ya upepo, pitta ya moto, na kapha ya maji na udongo. Msimu ukigeuka, nguvu hizo huyumba na mtu huugua. Hatari hasa ni wiki ya mwisho ya msimu mmoja na wiki ya kwanza ya ule unaofuata. Hapo mtu anatakiwa aache mazoea ya zamani polepole na kuyaingia mapya polepole. Nikamuuliza: mtu anayetoka kwenye jua kali hadi mvua ya mawe kabla ya chai ya saa kumi, aache mazoea yapi? Badala ya jibu alinitumia ratiba, na kwa basi akatuma chupa ya mafuta ya simsim na kopo la samli.

Ratiba ilianza alfajiri. Mafuta yapashwe moto, ujikande kutoka utosini hadi unyayoni, ungoje yaingie, kisha uoge maji ya moto. Kujikanda nilijikanda. Maji ya moto ndiyo yaliyokosekana, kwa kuwa kuni za mwezi wa Aprili hutoa moshi tu, na shule haimngoji mwalimu mwenye mafuta. Nikavaa nikatoka. Mvua ya usiku ilikuwa bado inadondoka, na matone yaliniteleza shingoni kama yanavyoteleza kwenye jani la nduma. Nikapanda bodaboda. Kwenye mwinuko wa kwanza dereva akasema, "Mwalimu, shika!" Nikashika. Mkono ukateleza, suruali ikateleza kitini, na mimi nikashuka kwa nyuma, taratibu kabisa, hadi kwenye tope jekundu.

Kando ya barabara alikuwa amesimama mzee jirani yetu, mfugaji wa fahali. Alinitazama ninavyong'aa, akanusa, akauliza kwa heshima zote, "Mwalimu, unapigana na nani Jumamosi?"

Kwa Malinya hilo ni swali la haki. Vita vya fahali ndiyo fahari yetu, na fahali wa mapambano hutunzwa kwa ratiba kuliko binadamu yeyote hapa kijijini. Hutengwa na wenzake, hukatiwa majani teule, wengine hupewa mitishamba na hata busaa kabla ya pambano, kisha husindikizwa uwanjani kwa ngoma ya isukuti, ile ambayo mwaka 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mwanamume anayepakwa mafuta alfajiri na kuchaguliwa chakula, asipokuwa na mpinzani, ana nini?

Jikoni mambo yalikuwa mazito zaidi. Shemeji alipiga marufuku kiporo. Pia alipiga marufuku mboga ya mrenda, eti kinachoteleza huongeza kapha. Jaribu wewe kumwambia mama wa Kiluhya kwamba mrenda wake una kapha. Mama aliweka mwiko chini akauliza ratiba inaruhusu nini. Nikamsomea: joto likianza kuyeyusha kapha, mtu ale vitu vichungu, vikali na vyenye ukakasi. Akacheka hadi akaketi. Mboga ya tsisaka ni chungu, na ndiyo iliyokuwa imejaa shambani. Mzizi wa mukombero ni mkali, na huuzwa mafungu mafungu mjini Kakamega. "Huyo shemeji yako," akasema, "amekutumia chakula changu kwa jina lingine." Kisha akanipakulia mrenda.

Mwezi wa Mei nikaanza kutetemeka, kichwa kinagonga, viungo vinauma. Shemeji alituma ujumbe wa sauti mrefu: pitta imepanda, chemsha mbegu za giligilani, unywe, ulale mapema. Nilikunywa, nikalala mapema, nikaamka vibaya zaidi. Mama hakutuma ujumbe wowote. Aliita bodaboda, na safari hii nilikuwa mkavu. Kwenye zahanati walinitoboa kidole, na baada ya muda mfupi jibu likaja: malaria, ambayo huku kwetu hupanda kila mvua ndefu zinapokolea.

Nikapewa vidonge 24, vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu. Muuguzi akasisitiza nivimeze pamoja na chakula chenye mafuta, kwa sababu dawa hiyo hufyonzwa vizuri mwilini ikikutana na mafuta. Samli ya shemeji ikapata kazi, tena juu ya tsisaka, nayo ni tamu sana.

Ukishikwa na homa Malinya msimu wa mvua, kapime damu kwanza. Giligilani itakungoja.