Barua ya Wazi kwa Mamlaka Inayofunga Shule za Delhi

Kwa Mamlaka yenye jukumu la kuamua, kila majira ya baridi yanapokaribia, kama watoto wa Delhi na viunga vyake wataamka kwenda shule au wataamka kuambiwa warudi kulala, barua hii inawasilishwa kwa heshima zote na familia ya Wakenya iliyohamia huko kikazi, ambayo kwao Mombasa ilizoea kwamba shule isipofunguliwa sababu huonekana kwa macho: ama walimu wamegoma, ama nchi imefurika maji, kama ilivyokuwa Mei 2024.

Familia hiyo bado haijaelewa jinsi jambo linalorudi kila Novemba linavyoweza kutangazwa kila mara kama dharura. Moshi ulifunga shule mwaka 2016, 2017, 2019, 2021, 2023 na 2024. Chanzo chake nacho si siri, kwa kuwa sheria ya jimbo la Punjab ya 2009, iliyokusudiwa kuhifadhi maji ya ardhini, ilichelewesha upandaji wa mpunga, na hivyo mabua yakawa yanachomwa wakati upepo umekwisha kulala, moshi wake ukakutana na ule wa magari, viwanda, matanuri ya matofali na fataki za Diwali. Hata hivyo tangazo la 2024 lilitoka usiku wa Jumapili, 17 Novemba, likihusu asubuhi iliyofuata, saa ambayo sare zimekwisha kupigwa pasi, chapati za kesho zimefungwa, na mzazi amekwisha kumwahidi mwajiri wake kikao cha saa tatu.

Ombi kuu la familia ni kwamba moshi uandikishwe shule. Mtoto akizuiwa kuingia darasani hubaki nyumbani, ambako dirisha linapitisha hewa ileile. Kwa hiyo ni wazi kwamba Mamlaka imekwisha kugundua, ingawa haijachapisha, kuwa chembe za PM2.5, yaani zile zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5 ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, ni wanafunzi wa kutwa wanaopatikana shuleni tu. Basi zipewe namba ya usajili na kiti katika basi la manjano, zisimame mstarini asubuhi, na ifikapo saa nane mchana zirudi makwao pamoja na wenzao. Sare hazihitaji, kwa kuwa rangi ya kijivu zinayo tangu kuzaliwa. Muhula ukiisha uitishwe mkutano wa wazazi, ambapo mkulima, mwenye lori la dizeli, mwenye tanuri, mkandarasi wa majengo na muuza fataki watakaa safu moja, kila mmoja akiapa kwamba mtoto huyu hamfahamu na kwamba pua yake ni ya jirani. Jimbo moja litasema mtoto ametoka jimbo la pili, nalo la pili litasema amezaliwa mjini. Mzozo huo usiwasumbue waamuzi, kwani Waswahili walikwisha kuukata: kitanda hakizai haramu, na kitanda ni cha Mamlaka.

Maombi mengine ni madogo. Faharasa ya ubora wa hewa, yaani namba inayojumlisha uchafu wa hewa wa siku nzima, nchini India hukomea 500, na kwa kuwa Delhi ilifika 494 tarehe 18 Novemba 2024, irefushwe ili jiji lisikose pa kukua. Mnara wa kusafisha hewa uliozinduliwa Connaught Place mwaka 2021 upewe cheti cha mahudhurio. Mtoto wa miaka mitano anayefundishwa kuhesabu kwenye simu ya mama yake arudishiwe nauli ya basi.

Upo pia utaratibu uitwao mseto, yaani mzazi kuchagua kati ya darasa na mtandao, ambao unadhani kila mzazi ana cha kuchagua. Mlinzi wa lango la majengo inakoishi familia hii ana simu moja, naye huondoka nayo kwenda kazini. Shule ikifungwa, wanawe hukosa somo na hukosa pia mlo wa mchana ambao shule za serikali huutoa bure. Usiku yeye mwenyewe huota moto wa vijiti na makaratasi, moto ambao kanuni zinaukataza, zikiwataka wakazi wawape walinzi hita za umeme, na hita hiyo haijafika. Huku si kuwalinda watoto. Ni kuwafungia ndani ili wakubwa waendelee kuchoma wanachokichoma, na aibu hiyo haipungui kwa kuitwa mpango.

Familia inaomba radhi kwa ukali wa aya iliyotangulia, ambao pengine umeletwa na hewa. Jibu linasubiriwa kabla mavuno ya Oktoba hayajaanza, maana baada ya hapo Mamlaka, kama ilivyo desturi yake, itakuwa imeshtuka.