Mtungi Tumeupata, Gesi Je?

Amani, Muheza,
Tanga.

Kwa Wizara ya Nishati,
Dodoma.

YAH: SHUKRANI KWA MTUNGI WA GESI WA NUSU BEI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wakazi wa Amani, tunaopika kwa mafiga na kupumua kwa kubahatisha, tunaandika kushukuru. Wakala wa Nishati Vijijini uliandaa mitungi 452,445 ya kilo sita, Serikali ikabeba nusu ya bei, na kila wilaya ikatengewa mitungi 3,255. Wilaya ya Muheza ina watu zaidi ya 200,000, kwa hiyo hesabu imekaa vizuri: aliyekosa ataenda kuutazama wa jirani.

Mtungi wenyewe ni mzuri, hatubishi. Umewekwa sebuleni, umevalishwa kitambaa cha kufuma, na mgeni huonyeshwa mtungi kabla ya picha za harusi. Jikoni hauna kazi, maana gesi ilikwisha. Ya kwanza ilikuja kwa nusu bei. Ya pili inauzwa bei kamili, inayozidi shilingi 20,000, na kuifuata Muheza mjini ni nauli ya bodaboda, kisha kurudi kupanda kona za mlima kwenye utelezi, mtungi umefungwa nyuma kwa mpira. Fedha ya iliki huja kwa msimu, ugali unataka moto kila siku. Ni kama mkulima auziwe jembe kwa nusu bei, halafu mvua alipie mwenyewe.

Umeme nao tuliufikiria. TANESCO humuuzia mwananchi wa kipato cha chini uniti moja kwa shilingi 100 kabla ya kodi, mradi asizidishe uniti 75 kwa mwezi. Akizidisha, bei inaruka hadi 350. Taa zinaenea humo, na redio inaenea humo. Jiko la koili likichemsha maharage kila siku halienei. Kumbe unyonge wetu unatambulika gizani tu. Tukianza kupika tunahesabiwa matajiri.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Tuna swali dogo la kiutaratibu: mwenye mtungi mtupu anaandikwa upande upi? Kama anahesabiwa mtungi, basi lengo litafikiwa mapema, na wali utaivia kwenye ripoti.

Msituambie kwamba ruzuku ya kila mara haiwezekani. Juni 2022, bei ya mafuta ilipopaa, Serikali ilitoa shilingi bilioni 100 kwa mwezi kupunguza makali. Wenye magari hawakuuziwa tangi tupu kwa nusu bei. Walipunguziwa mafuta yenyewe. India walianza mpango wao wa kuwaunganisha wanawake maskini na gesi mwaka 2016, wakagundua kwamba wengi hawarudi kujaza, na mwaka 2022 wakaanza kutoa ruzuku ya rupia 200 kwa kila mtungi unaojazwa. Hawakuhitaji kuvumbua sayansi mpya. Walitazama jikoni.

Na sisi tunakaa pembeni mwa msitu ambao kila mtu anautaka. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997. Wataalamu wanakuja kuhesabu vyura na ndege wake, na wakazi wa Tanga mjini wanakunywa maji ya Mto Zigi unaotiririka kutoka milima hii. Faida ya mti uliosimama inagawanywa hadi baharini. Gharama ya kutoukata ameachiwa mama mmoja mwenye tita la kuni kichwani.

Kwa hiyo, pamoja na shukrani zetu, tunaomba mambo mawili. Ruzuku ihame kutoka kwenye chuma iingie kwenye gesi, mwenye mtungi apunguziwe kila anapojaza, si siku ya kwanza tu mbele ya kamera. Na awekwe wakala wa kuuza gesi huku juu, ili bei isipandishwe na mlima. Mkitimiza hayo, hata hotuba ya uzinduzi tutaisikiliza mpaka mwisho. Msipotimiza, msitu utaendelea kulipa ile nusu iliyobaki.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Wapishi wa Mafiga,
Amani.