Mafundi wa Darasa la Tatu

Mkoa wa Songwe ulizaliwa 2016, na makao makuu yake, Vwawa, yamejaa mafundi wa ajabu. Siku ya kuuza kazi za mikono shuleni, mtoto wa darasa la tatu anatua kikapu kilichosukwa kwa mkono wa bibi wa miaka sabini. Ukimuuliza alianzia wapi kukisuka, anajibu bila kupepesa: “Sokoni.” Mama anakohoa.

Pembeni kuna wa pili: lori la waya, magurudumu ya ndala chakavu, tela refu kama la malori yanayopanga foleni mpakani Tunduma. Linakata kona kweli. Huyo kaambiwa aache michezo, alete kazi.

Wazazi, mwakani nendeni mkakae darasani wenyewe. Alama ni zenu.