Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mshale wa Geji ya Joto

Mheshimiwa Mshale,
Ofisi ya Joto,
Dashibodi ya Lori la Bedford.

YAH: KUHAKIKIWA KWA TAARIFA ZAKO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwanza pokea pongezi kwa kubaki madarakani. Injini imeshushwa, silinda zimechongwa, pistoni, ringi na beringi ni mpya, na kila kipande kimepita kwenye maikromita kabla ya kurudishwa. Wewe peke yako umeingia awamu mpya bila usaili, kwa sifa moja tu: ulikuwapo tangu zamani. Hata hivyo, lori likiwashwa wewe ndiye hakimu. Ukipanda, fundi analaumiwa; ukitulia, watu wanapeana mikono. Hoja yetu ni fupi: kabla hujaihukumu injini, uhakikiwe wewe.

Sababu ni kwamba hujawahi kuyagusa maji unayoyatolea taarifa. Katika geji za umeme, anayeyagusa ni sensa: maji yakipata moto ukinzani wake hupungua, umeme mwingi zaidi hupita, nawe huinuka. Waya ukikatika, unalala kwenye baridi. Waya ukichubuka na kugusa bodi, unakimbilia kwenye wekundu hata injini ikiwa ya baridi. Magari mengi ya Kiingereza ya katikati ya miaka ya 1960 na kuendelea yana kidhibiti kinachozipa geji wastani wa volti 10. Ethi yake ikiliwa na kutu, unapanda wewe na mwenzako wa mafuta kwa pamoja. Kwa hiyo tanki la nusu likisomeka limejaa siku ile ile unayotangaza moto, anayepaswa kuitwa mbele ya kamati ni kidhibiti. Baya zaidi, maji yakipungua hadi ncha ya sensa ikabaki hewani, unaweza kushuka na kutangaza nafuu huku silinda hedi ikipinda.

Uhakiki wenyewe hauhitaji tume. Sensa ifunguliwe, iachwe na waya wake, na bodi yake iunganishwe na ethi kwa waya mwingine. Ncha yake izamishwe kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto cha kuaminika, bila kugusa kitako cha sufuria. Maji yapashwe polepole, na wewe upewe dakika chache kila hatua, maana huna haraka. Uwekewe alama kwenye kioo nyuzi 60, kisha 82, ambako themostati nyingi huanza kufunguka, kisha kwenye mchemko. Mchemko nao una mahali pake: Dar es Salaam ni nyuzi 100, Mbeya ni kama 94.

Watetezi wako watasema sensa ni mpya kutoka dukani. Upya si ulinganifu: hesi zinaweza kukubaliana na ukinzani ukakataa, na utepe mweupe wa mabomba ukizungushwa kwa wingi unaweza kuizuia sensa kupata ethi. Wengine watasema inatosha kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali, jamaa wa vile vilivyosimama milangoni wakati wa UVIKO-19. Hicho ni shahidi mzuri, ila husoma ngozi ya chuma, si maji, na chuma kinachong'aa hukifanya kisome chini ya ukweli. Wapo pia watakaosema injini mpya lazima ipate moto kidogo. Ni kweli, ringi mpya zina msuguano. Ndiyo maana tunataka namba. Kwa kifuniko cha rejeta cha pauni 7, maji ya pwani huchemka karibu na nyuzi 111, kwa hiyo 100 ni onyo na 111 ni msiba. Neno “katikati”, ambalo ndilo ripoti yako ya kila siku, halitofautishi hayo mawili.

Kwa hiyo, mpaka utakapopita kwenye sufuria, taarifa zako zitapokelewa lakini hazitamfukuza fundi kazi wala kumpandisha cheo. Nawe dereva unayesoma barua hii, usiifungue tena injini kwa ushahidi wa shahidi ambaye hajahojiwa.

Wako katika ujenzi wa injini,
Mlipa Gharama za Ovahoo

Nakala: Geji ya Mafuta, ijiandae.