Sifa za Bwana Kinyonga wa Usambara

Noti ya Tanzania ya shilingi elfu kumi ina tembo, ya elfu tano ina kifaru, ya elfu mbili ina simba. Kinyonga hajapewa hata sarafu. Kifaru huyo aliyetukuzwa ana pembe mbili tu. Yupo kinyonga wa misitu ya Usambara, ambaye wataalamu humwita Trioceros deremensis, dume lake lina pembe tatu usoni, lakini akijitokeza njiani pale Magamba watoto wanakimbilia fimbo. Mnyonge huyu leo ana wakili.

Tuanze na umbo. Aristotle aliandika kwamba kinyonga ana mwili wa mjusi, mbavu na uti kama vya samaki, kucha kama za ndege, na sura ya nyani. Laiti angepanda Lushoto, Usambara, angeongeza na pembe. Pemba wanajivunia shetani wao Popobawa na mabawa yake ya popo, lakini huyo haonekani mpaka usiku uingie na mashahidi watishike kwanza. Wetu yuko hadharani saa nne asubuhi, kwenye ua wa shamba la kabichi, na kumtazama hakuna kiingilio.

Mtazame basi. Jicho moja linakukagua wewe, la pili linamfuata nzi. Kila moja na shughuli zake. Vidole vimegawanyika, viwili upande huu na vitatu upande ule, vimelikaba tawi. Anainua mguu, anayumba mbele, anayumba nyuma, anayumba tena mbele, akijifanya jani lililopigwa na upepo. Ndipo anaushusha. Hatua moja hiyo imekwisha.

Kwa ajili hiyo, faili likilala ofisini watu husema kazi inakwenda mwendo wa kinyonga. Wanamsingizia. Upole wake ni wa miguu tu. Panzi akitua karibu, ulimi unaoweza kuupita mwili wake kwa urefu unachomoka na kurudi na mlo kabla hujapepesa. Mtumishi anayekwenda taratibu kazini na haraka kwenye kula, mbona kwetu hupandishwa cheo?

Anaitwa pia kigeugeu. Mwaka 2015 watafiti wa Geneva, wakimchunguza ndugu yake wa Madagaska, walionyesha kwamba ndani ya seli za ngozi mna fuwele ndogo mno. Zikiachana au kukaribiana, rangi inageuka. Hageuki rangi ili ajifiche, anatangaza hali yake. Madume wawili wakikutana hung'ara kwa hasira na kusukumana. Aliyeshindwa hufifia, akawa mweusi, akaondoka zake. Nionyesheni mgombea mmoja anayekubali matokeo upesi namna hiyo, tena bila kwenda mahakamani.

Limebaki shtaka kubwa. Wabantu wengi husimulia kwamba Mungu alimtuma kinyonga awaambie watu hawatakufa. Akachelewa njiani, mjusi akamtangulia na habari ya kifo, na tangu hapo tunazikana.

Mimi nasema ahsante. Hebu fikirini angewahi. Mbegha, yule mwindaji wa nguruwe aliyepewa ufalme wa Wasambaa, angekuwa bado amekalia kiti Vuga, na Kimweri wa uzao wake angali mrithi mtarajiwa, anasubiri. Kila mteremko kuanzia Soni mpaka Mtae ungekuwa na mwenyewe wa kwanza, yuko hai, ana meno yote, na hataki kusikia habari ya kugawa. Shamba lenyewe ni matuta machache yaliyoning'inia mlimani. Juu yake wangepangana babu, baba wa babu na babu wa babu, kila mmoja na ushauri wake kuhusu karoti. Kijana angeomba kiwanja cha kujenga akaambiwa avute subira, zamu yake ni ya mia tatu na kumi.

Anayelima leo shamba la urithi Lushoto, akimkuta kinyonga uani, atupe fimbo na amwamkie. Hati ya shamba hilo aliileta yeye, kwa kuchelewa.