Jinsi ya Kupigwa Risasi kwa Viwango vya Kimataifa

Mwongozo huu ni wa wakazi wa Kibera na Kawangware pekee. Majirani zetu wa Lavington na Karen hawauhitaji. Polisi wakifika kwao hubisha hodi. Sisi ambao mlango ni bati na ukuta pia ni bati hatuna budi kujipanga mapema, maana dunia ina huruma tele lakini ina masharti yake, na wengi wetu tumekufa bila kuyatimiza.

La kwanza ni mahali. Kufia Gatwekera au Gatina, kichochoroni nyuma ya kibanda cha mkaa, ni kuharibu risasi ya serikali bure. Panda matatu uende mjini. Tarehe 25 Juni 2024, vijana waliokuwa wakipinga Mswada wa Fedha walipoingia Bungeni na kumiminiwa risasi, mabalozi wa nchi 13, wakiwemo wa Marekani, Uingereza na Ujerumani, walitoa tamko la pamoja siku hiyo hiyo. Walisema wametiwa wasiwasi na ghasia za sehemu nyingi za nchi, ila kilichowashtua zaidi ni yale ya nje ya Bunge. Kwa hivyo piga hesabu mwenyewe: ukibaki mtaani utatiliwa wasiwasi, ukilipa nauli utamshtua balozi. Kusema haki, risasi za moto walizitaja. Kisha wakaziomba pande zote zijizuie, basi nawe bunduki ikielekezwa kwako, jitahidi kujizuia.

Angalia na kalenda. Siku hiyo hiyo ya Juni 25, kikosi cha kwanza cha polisi wetu kilikuwa kikitua Port-au-Prince kuwaokoa raia wa Haiti kutoka kwa magenge, na mfadhili mkubwa wa safari hiyo alikuwa Marekani. Jana yake Rais Biden alikuwa ameiteua Kenya kuwa mshirika mkuu wa Marekani nje ya NATO, nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kupewa heshima hiyo. Mtu mwenye adabu hapigwi risasi wiki kama hiyo. Unamweka mfadhili pabaya: amkemee askari wa hapa, au amlipie marupurupu mwenzake wa kule?

Misimu ya uchaguzi nayo ina mitego yake, hasa waangalizi wakishausifu. Agosti 2017 John Kerry, mmoja wa viongozi wa waangalizi wa Kituo cha Carter, aliimwagia sifa kazi ya tume ya uchaguzi na kuwashauri wasioridhika waende kortini. Ushauri mzuri. Usiku wa tarehe 11 matokeo yakatangazwa, na polisi wakashuka mitaani kwetu. Amnesty International na Human Rights Watch baadaye walihesabu watu wasiopungua 33 waliouawa Nairobi peke yake, wengi wao na polisi, na Kibera na Kawangware zimo katika orodha ya mitaa. Septemba 1 Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi uliosifiwa. Ukarudiwa Oktoba, na safari hii Kawangware ikaungua.

Sasa tuje kwenye somo ambalo watu wetu hulifeli kila mwaka: sera. Usikubali kuuawa hivi hivi tu. Baada ya uchaguzi wa 2007, Tume ya Jaji Waki ilihesabu waliokufa 1,133, na 405 kati yao walikufa kwa risasi. Vijana wa Kibera wakati ule walikuwa na mawe, na reli waliyoing'oa; bunduki zilikuwa kwa waliovaa sare. Kesi ikafika The Hague. Machi 2011 majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) wakayatazama ya Kisumu na Kibera, wakasema mwendesha mashtaka hakuonyesha kwamba yalitendeka kwa kufuata sera ya dola au ya kundi lolote. Kibera ikatolewa kwenye kesi kabla washukiwa hawajapanda ndege. Zilizobaki nazo zikafifia moja moja, ya Kenyatta Desemba 2014, ya Ruto na Sang Aprili 2016.

Kwa hivyo afande akikukuta mlangoni usiku, usipige mayowe. Muulize kwa upole: “Samahani afande, hii ni sera ama ni hasira zako tu?” Akisema ni sera, mwombe aandike, atie sahihi na muhuri wa kituo, nakala mbili. Akikasirika, jua huna kesi.

Familia yako nayo iandae. Ganda la risasi lifungwe kwenye karatasi na lisipelekwe kituoni, ingawa ni kituo hicho hicho kitakachowapa namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, na bila hiyo hakuna mlango utakaofunguka. Wakae kwenye benchi pale Montuari ya City hadi upasuaji ufanyike, wakisoma maelezo ya mchango wa matanga kwenye simu.

Kuhusu kuzungumza na wageni, tahadhari. Februari 2009 mjumbe wa Umoja wa Mataifa, Philip Alston, alikuja kuchunguza mauaji ya polisi. Machi 5, Oscar Kamau King'ara na John Paul Oulu, watetezi wa haki waliompa ushahidi, walipigwa risasi ndani ya gari karibu na mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Hapa sina mzaha wa kuongeza.

Wageni wenyewe hupenda zaidi Kibera. Obama alifika 2006 akiwa seneta, Ban Ki-moon akafuata Januari 2007. Ndugu zangu wa Kawangware, poleni. Hamjapata jina bado, endeleeni kuvumilia.

Mzee fulani anaweza kukuambia kwamba zamani haikuwa hivi. Ni kweli. Watu walikuwa wakipigwa tangu maandamano ya Saba Saba ya 1990, na Novemba 1991 wafadhili walikutana Paris wakasitisha misaada mipya kwa miezi sita. Siku chache baadaye chama tawala cha KANU kikakusanyika Kasarani, na Rais Moi, aliyeapa vyama vingi havifai, akakubali kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kifutwe. Msikilize mzee, mpe chai, lakini usiende kumuuliza balozi kwa nini dawa hiyo haikurudiwa 2017 wala 2024. Utamharibia ziara. Akikuuliza mbele ya kamera unataka nini, sema vyoo. Vyoo vina bajeti.