Bosi Mpofi Anawasalimu

Bruxelles

Mama, Baba Mdogo, Yaya, na ninyi wote mliopanda kilima kutafuta rezo ya simu ili mniulize habari,

Mimi huku ni mzima, isipokuwa miguu, ambayo nitaieleza mbele.

Ujumbe wenu wa sauti nimeupata. Una dakika sita, na nne kati ya hizo ni jogoo. Katika mbili zilizobaki nimesikia maswali matatu: je, kule tamashani Paris nilimwona mwimbaji Gims kwa macho yangu? Alivaa nini? Na je, alitaja Mpofi, kijiji chetu? Mama naye, jogoo akiwa anavuta pumzi ya kuanza tena, akapenyeza swali la nne. Hilo nitalijibu mwisho kwa sababu ndilo gumu.

Kwanza safari, maana mtu wa kwetu hawezi kusimulia alikofika bila kusimulia njia. Tulikuwa wanne ndani ya basi: mimi, shemeji yangu wa Walikale-centre, kijana mmoja wa Goma, na mzee wa Kinshasa tunayemwita Mzee Bercy, kwa sababu hadithi zake zote, hata ya ndoa yake, huishia kwenye ukumbi wa Bercy, Paris. Kutoka Bruxelles hadi Paris ni kilomita 300 na ushei, saa nne tu, bila abiria kushuka kusukuma. Shemeji hakuamini. Kila basi lilipopunguza mwendo alianza kukunja suruali. Mtu aliyepanda lori kutoka Sake kwenda Masisi wakati wa mvua, akalala njiani siku mbili juu ya magunia ya maharagwe, haachi tabia hiyo kwa sababu ya lami kidogo.

Mpaka wa nchi mbili ndio ulimuumiza zaidi. Alikuwa ameandaa sarafu mkononi kwa ajili ya barieri. Hakukuwa na barieri. Hakukuwa na kamba, wala mti uliolazwa barabarani, wala kijana mwenye bunduki wa kuomba ya maji. Tuliambiwa tu kwamba Ufaransa ilianza nusu saa iliyopita. Shemeji akarudisha sarafu mfukoni kama mtu aliyekataliwa posa.

Njiani, kama ilivyo desturi ya wapenda muziki, kila mmoja alianza kutoa tamasha lake. Mzee Bercy alifungua. Tarehe 19 Februari 2000 alikuwepo Koffi Olomide alipoujaza ukumbi wa Bercy. Septemba mwaka huohuo akamwona Werrason palepale, na mwaka uliofuata JB Mpiana. Mara zote tatu alivaa koti lilelile, na ndilo alilovaa ndani ya basi. Akarudi nyuma hadi 1970, Tabu Ley alipoimba Olympia hapohapo Paris. Mwaka huo Mzee Bercy alikuwa darasa la pili, Kinshasa, lakini anausimulia kama mtu aliyebeba gitaa la besi.

Kijana wa Goma hakutishika. Yeye ana Septemba 2014, Akon alipokuja Goma kwenye tamasha la siku ya amani. Mnakumbuka: jamaa aliingia ndani ya puto kubwa la plastiki, akaviringishwa juu ya vichwa vya watu kama yai juu ya mikono ya watoto.

"Nilimgusa," kijana akasema.

"Uligusa nini?" Mzee Bercy akauliza.

"Akon."

"Uligusa nini, nauliza."

Kijana akanyamaza kidogo. "Plastiki."

Mzee Bercy akatoa hukumu kwamba kugusa plastiki si kumgusa mtu; vinginevyo yeye amewagusa marais wote wa Afrika kwenye televisheni. Wakabishana hadi basi zima likaamka.

Ndipo zamu yangu ikafika. Nikaona ni aibu kwetu kukosa la kusema, nikawaambia: Mnazungumzia usiku mmoja? Kwetu, mwaka 1956, Mnyanga aitwaye Candi Rureke alimwimbia mtafiti wa Kibelgiji, Daniel Biebuyck, utendi wa Mwindo kwa siku 12. Siku kumi na mbili! Anasimulia, anaimba, anacheza, wagongaji wanagonga fimbo zao, wasikilizaji wanaitikia na kumtunza. Kitabu cha utendi huo kilitoka 1969, Biebuyck akiwa na Kahombo Mateene wa kwetu. Umeme hakuna, maikrofoni hakuna, moshi wa jukwaani upo, lakini ni wa jikoni.

Basi likawa kimya. Mzee Bercy akafikiri sana, kisha akauliza, "Na biye, yaani tiketi, ilikuwa bei gani?"

"Kuku, ndizi, pombe ya kasiksi. Kila mtu na mfuko wake."

"Basi hiyo haikuwa biye," akasema. "Hayo yalikuwa mabanga." Neno hilo mlishike, litaniponza huko mbele.

Tamasha lenyewe mnajua lilikuwa la nini. Goma ilianguka Januari 2025, na Machi vita vikafika Walikale-centre, shemeji akawa anazunguka na simu mkononi kama mwenye homa. Basi Gims akatangaza tamasha la Solidarité Congo, la kuwachangia watoto walioumizwa na vita vya kwetu. Tarehe ya kwanza ilikuwa 7 Aprili, siku ambayo dunia inakumbuka mauaji ya kimbari ya Rwanda. Maneno yakawa mengi, hadi likasogezwa Jumanne ya tarehe 22 Aprili, baada ya Pasaka. Ukumbi ni uleule wa Bercy, ambao siku hizi unaitwa Accor Arena. Mzee Bercy hatambui jina hilo. Anasema mtoto hapewi jina jipya akiwa na wajukuu.

Sasa maswali yenu.

Nilimwona Gims? Nilimwona. Ukumbi ule unachukua watu karibu 20,000, na biye yangu ilikuwa ya kule juu, karibu na malaika. Kutoka hapo binadamu jukwaani ni sawa na punje ya karanga inayotembea. Skrini ndiyo iliyomkuza akawa mwembe. Mbele yangu alisimama dada mmoja aliyekuwa akiirekodi skrini kwa simu, na kwa kuwa dada mwenyewe alikuwa mrefu, mimi niliitazama simu yake. Kwa hiyo nilimwona Gims ndani ya simu iliyokuwa ikiitazama skrini iliyokuwa ikimtazama yeye. Kijana wa Goma aligusa plastiki. Mimi hata plastiki sikuifikia.

Wazee wetu wajue pia kwamba waimbaji wale si watoto wa barabarani. Gims na mdogo wake Dadju ni watoto wa Djuna Djanana, aliyeimba na Papa Wemba. Youssoupha naye ni mtoto wa Tabu Ley mwenyewe. Mzee Bercy alipokumbuka hilo alilia, akisema alimbeba Youssoupha mgongoni. Hakumbeba.

Alivaa nini? Kwa umbali ule siwezi kuapa. Ninaloweza kuapa ni walivyovaa watu kwenye foleni, maana pale ndipo tamasha lilipoanzia. Niliona suti ya kijani yenye vifungo vya dhahabu. Niliona baba mmoja na koti la manyoya, Aprili, jua linawaka, jasho linamtiririka, naye anatabasamu kama anayepigwa picha ya pasipoti. Mimi nilikuwa nimeazima viatu vya Mzee Bercy, ngozi ya mamba, namba 41. Ninyi mnajua mguu wangu ni 43 tangu shule ya msingi. Nilipolalamika aliniambia, "Kijana, viatu hivi si vya kutembelea. Ni vya kufikia." Nikafika. Kurudi ndiko kulikonishinda.

Sasa Mpofi.

Ninyi hamjui jinsi ninavyoteseka na jina hilo huku. Nikiulizwa natoka wapi, nikisema Mpofi, mtu ananitazama kama nimepiga chafya. Nikisema Masisi, ananiuliza kama ndiko jibini linakotoka. Nikisema Walikale, ananiuliza madini. Mwishowe nimezoea kujibu "karibu na Goma", na yule kijana wa Goma kila mara anacheka hadi anashika mbavu: "Karibu? Kwa pikipiki, au kwa ndege?" Safari hii nikaapa. Nikachukua boksi la ndizi, nikakata upande mmoja, nikaandika kwa herufi za kutosha kusomwa na kipofu: MPOFI. Hesabu yangu ilikuwa kwamba kamera itapita, skrini itaonyesha, na mwenye maikrofoni atasoma.

Nilisahau kwamba nilikuwa miongoni mwa Wakongo. Mnajua mabanga: libanga kwa Kilingala ni jiwe, na mwimbaji "anakutupia jiwe" anapotaja jina lako ndani ya wimbo, nawe unamlipa. Ndiyo maana nyimbo zetu zina majina mengi kuliko rejista ya ubatizo. Kwa hiyo Mkongo akiona jina limeandikwa kubwa kwenye tamasha, haulizi hicho ni kijiji gani. Anauliza huyo ni bosi gani.

"Bosi Mpofi ni nani?" jamaa mmoja akauliza nyuma yetu.

Ningeweza kueleza. Lakini shemeji, ambaye hajui kusema uongo wala kunyamaza, akanionyesha kwa kidole: "Huyu ndiye wa Mpofi."

"Ana nini?"

"Kwao kuna madini," shemeji akajibu, na kwa upande wa Walikale, machimbo ya Bisie yakiwa huko, ni kweli tupu.

Mama, nilikuwa nimekwisha. Wakati wa mapumziko mafupi, kwenye foleni ya choo, nilipewa mikono na watu nisiowajua. Mmoja alitaka mtaji wa saluni. Mwingine alikuwa na kwaya iliyobakiza kidogo tu kuingia studio. Mama mmoja mwenye kitenge kizuri alinieleza, bila kuulizwa, kwamba binti yake amemaliza masomo ya uuguzi na anapika sombe. Wote walikuwa wamenizunguka, foleni ikipita mbele ya muuzaji wa chipsi, wananiita: Bosi Mpofi! Vieux Mpofi! Mpofi mwenyewe!

Mtaniuliza kwa nini sikukanusha. Nilitaka. Nilifungua mdomo mara mbili. Lakini miaka yote hii sijawahi kusikia jina la kwetu likitamkwa na mtu mwingine katika mitaa ya huku, na hapo lilikuwa linatamkwa kwa heshima, na watu waliovaa vizuri. Nikamwambia muuzaji, "Wape hawa."

Kwa hiyo jibu la swali la tatu ni hili. Jukwaani, Mpofi haikutajwa. Kwenye foleni ya choo ilitajwa mara 11, nilihesabu, na kila mara iligharimu pakiti moja ya chipsi. Hakuna mwimbaji anayetupa mabanga kwa bei hiyo.

Boksi lenyewe liliishia chini ya Mzee Bercy. Kituo cha mabasi kiko hapohapo jirani, basi letu ni la alfajiri, na benchi lilikuwa la baridi. Akakalia herufi tatu za kwanza, mimi nikakalia mbili zilizobaki, viatu mkononi. Hapo ndipo nilipowafungulia wenzangu ujumbe wenu wa sauti. Tukasikiliza wote wanne, simu katikati. Jogoo akaanza. Nyuma yake mtu anatwanga sombe, na mbali zaidi kwaya inafanya mazoezi, soprano zikiwa juu kuliko ilivyopangwa.

"Nani huyo wa mbele?" Mzee Bercy akauliza.

"Jogoo wetu."

"Anapiga shoo kwa muda gani?"

"Dakika nne. Hapumziki."

Akaomba turudie. Shemeji akalala kwenye mara ya tatu. Hajawahi kulala vizuri tangu Machi.

Sasa, Mama, swali lako. Ulisema: "Video yako nimeiona, sekunde 23. Mwimbaji sikumwona, niliona visogo vya watu. Lakini nimekusikia wewe ukiimba. Sauti imekonda. Unakula?"

Nakula, Mama. Wiki iliyofuata tamasha nilikula wali mtupu, maana pesa ya soko ilikuwa imeliwa Paris na marafiki wa Bosi Mpofi. Sasa nimerudi kwenye fufu. Sauti haikukonda, ni viatu vilivyokuwa vinaniminya, na kila kiitikio kilipopanda, kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilipanda nacho.

Wasalimie wote mpaka Kibua.

Wenu,
Bosi Mpofi

Tena: Yaya, nimesikia shemeji ameshapiga simu, na kwamba Jumapili ilitangazwa kanisani kuwa mtoto wa kwenu amekuwa tajiri wa madini Paris. Nakuomba Jumapili hii litangazwe la pili. Na ile orodha ya mabati mliyoanza kuiandika, muendelee kuiandika taratibu. Taratibu sana.